Kuilaza Nyumba

Kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, Skolastika alikuwa akiamkiwa na Mjerumani.

"Shikamoo!" sauti nzito ya kiume ilitokea chumbani kwa binti yake, na Skolastika, akiwa jikoni anamenya ndizi za mtori, aliitikia kwa sauti ya juu, "Marahaba, baba!" Hakujali kwamba shikamoo ile haikuwa yake. Ilikuwa ya somo tu. Binti yake Fransiska, ambaye nyumbani wote walimwita Siska, alikuwa akifundisha Kiswahili kwa njia ya intaneti, na wanafunzi wake walikuwa watu wa Ulaya waliokaa mbele ya kompyuta zao huko huko makwao. Lakini shikamoo ikishatamkwa ndani ya nyumba, Skolastika aliona ni utovu wa adabu kuiacha ianguke chini bila mtu wa kuipokea.

Nyumba yenyewe ilikuwa Lemara, Arusha, na mumewe Hans, Mchaga wa Kibosho, aliijenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa kiwanda cha matairi, siku kiwanda kilipokuwa bado kinatoa moshi na wafanyakazi wakitoka zamu wakinuka mpira. Hans alifariki mwaka juzi. Wana wawili wa kiume walikwisha kuota mizizi Mwanza na Dodoma, na Siska, kitinda mimba, alikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo Skolastika alibaki peke yake na vyumba vinne na kuku. Mtu akimuuliza vipi upweke, alijibu kwamba kuku nao wana kelele zao, kisha akabadilisha mazungumzo.

Mwaka jana Siska akarudi. Shule iliyomwajiri ilikuwa Dar, lakini masomo yalikuwa hewani, na mwalimu aliweza kufundishia popote penye intaneti nzuri. Na pale nyumbani ilikuwepo laini ya simu ya mezani, ile ambayo Hans aliihangaikia miaka mingi mpaka akaipata, wakati simu ya nyumbani ilikuwa jambo la kutangaza kanisani. Simu yenyewe ilikuwa imekwisha kunyamaza, ila waya ulikuwa mzima, na mafundi wakapitisha intaneti humo humo. Skolastika alilia siku ile. Alisingizia vitunguu, lakini alilia kwa sababu waya wa Hans ulikuwa umemrudishia mtoto.

Miezi ikapita vizuri. Kisha, masika ya mwaka huu, dereva mmoja wa lori la mchanga akamwaga mzigo wake kwa jirani na kuondoka akiwa amesahau kushusha bodi. Lori likapita mtaani limeinua mgongo, likaukumba waya na kuuburuta mpaka kwenye kona, na dereva akasimama tu pale watoto walipoanza kumzomea.

Kampuni ya simu ikamleta fundi, kijana mrefu aliyeitwa Saruni, mcheshi, mwenye haraka zake. Akauunga waya nje. Ndani akagundua kwamba kipande cha kwenda chumbani kwa Siska kilikuwa kimeliwa na panya, basi akakikata, na ile ruta, kisanduku cheupe cha intaneti chenye taa tatu za kijani, akaihamishia sebuleni, juu ya kabati, kando ya redio ya Hans.

"Hapa iko fresh kabisa, yeyo," alimwambia Skolastika, akimwita mama kwa Kimaasai kama vijana wengi wa Arusha wanavyowaita mama za watu. "Dada ataipata hewani akiwa chumbani kwake. Laini imepona."

Laini ilipona siku chache tu. Kisha ikaanza kudhoofika, kila siku kidogo. Yule Mjerumani akawa anasema "Shika..." halafu kimya, halafu "moo, moo, moo," na Skolastika jikoni hajui aitikie ipi. Picha zikawa zinaganda. Siku moja alipita na chai akamkuta mwanafunzi mmoja kwenye kioo, picha yenye ukungu, kinywa wazi, jicho moja limefumba.

"Huyu amekuwaje?"

"Amekwama, mama."

"Mwambie afunge mdomo basi, nzi wataingia."

Siska hakucheka. Wanafunzi walikuwa wameanza kulalamika, na mkuu wa shule alikwisha kumpigia. Alikuwa mama mwungwana, hakugomba. Alisema tu kwamba mwezi ukiisha na intaneti iko hivi hivi, itabidi Siska arudi Dar akafundishie ofisini kama wenzake. Jioni ile Siska alishusha sanduku kutoka juu ya kabati la nguo na kulifuta vumbi. Hakuweka kitu ndani, alilifuta tu na kulisimamisha mlangoni. Skolastika alilipita mara tano kabla ya kulala, na kila mara alihisi kama amejikwaa.

Sasa ni lazima nieleze jinsi nyumba ile ilivyokuwa ikilala, maana haikulala kama nyumba nyingine.

Siska alipokuwa darasa la tatu, radi ilipiga mti wa mgrivea uliokuwa uani na kuingia ndani kwa njia ya umeme. Televisheni yao, ya kwanza katika mtaa, ile ya kisogo kirefu ambayo majirani waliijazia sebule kila Jumapili, ikatoa cheche na harufu ya sufuria iliyoungua, na habari yake ikaishia hapo. Hans aliiomboleza kama ng'ombe. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya jioni, alizunguka nyumba nzima akichomoa plagi moja baada ya nyingine. Lakini Hans hakuwa mtu wa kufanya jambo kimya kimya. Alimbeba Siska begani na kuviaga vyombo vyote kwa sauti. "Redio, umesema vya kutosha, lala salama. Pasi, poa, pumzika. Na wewe friji, wewe ni mlinzi, kaa macho, una nyama ya watu humo." Siska begani alicheka mpaka anapaliwa. Kazi ile waliiita kuilaza nyumba.

Mwisho kabisa ilizimwa taa ya barazani, na hiyo ilikuwa na sheria yake. Haikuzimwa mpaka wote wa nyumba ile wawe wamefika. Wavulana walipokwenda kuangalia mpira karibu na soko la Kilombero mjini, iliwaka. Basi la Siska kutoka chuo lilipoharibikia Korogwe, iliwaka mpaka kukapambazuka, na Hans alikuwa chini yake kwenye kiti, amejifunika blanketi. Nyumba ikiwa giza lote, maana yake ni kwamba kila mtu yumo, na Skolastika aliweza kufumba macho.

Alipofariki Hans, Skolastika aliendelea na mzunguko ule. Aliufanya kwa maneno yale yale, hata sauti aliizamisha kidogo ifanane. Hakuona wazimu wowote hapo. Wako wajane wanaotunza koti, wako wanaotunza kofia. Yeye alitunza safari ya dakika chache kutoka jikoni hadi barazani, na akiwa katika safari hiyo hakuwa peke yake.

Sasa ile ruta, siku zote ilipokuwa chumbani kwa Siska, haikumhusu. Lakini Saruni alipoiweka kando ya redio, iliingia mikononi mwake. Siku ile ile Skolastika aliifikia katika mzunguko wake, akaitazama na vitaa vyake vinavyokonyeza. "Na wewe mgeni," akasema, "lala salama," akachomoa plagi. Alfajiri, alipoamka kusali, akairudisha, na Siska alipoamka aliikuta inakonyeza kama kawaida. Ikawa hivyo kila siku.

Saruni alirudi tena wiki ya mwisho ya mwezi, Siska akiwa ameshuka mjini. Alipanda nguzo, akashuka, akapima na kifaa chake, akakuna kichwa.

"Shikamoo yeyo. Waya mzima. Nimeupima mpaka nimeuonea huruma."

"Marahaba. Basi mbona watu wanaganda?"

Saruni alikaa kwenye ngazi ya baraza, akapewa chai, akaeleza. "Kule kituoni kuna mtambo unaoilinda laini. Laini ikikatika-katika, mtambo unaona hii ni mbovu, unaipunguzia spidi ili isizidi kuumia. Ni kama mgonjwa aliyevunjika mguu, humkimbizi. Sasa ile siku ya lori iliuweka mtambo macho. Laini ingetulia, spidi ingepanda yenyewe, polepole. Lakini nimeangalia, hii inakatika kila siku! Kila siku usiku inakufa, alfajiri inafufuka. Mtambo unazidi kuogopa." Akapuliza chai. "Kuna mtu anaizima humu ndani?"

Skolastika alihisi uso wote umemchemka. "Nani aizime?" akasema. "Labda ni umeme wa kwetu."

"Labda. Maana dada nilimwambia kwenye simu, tangu wiki iliyopita: msiizime hata kidogo, iacheni mchana na usiku. Na radi isiwatishe, nimeweka kizuizi pale kwenye boksi la nje." Akamaliza chai, akaaga, na pikipiki yake ikateremka mtaa kwa fujo.

Skolastika alibaki pale pale na vikombe viwili. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni, na upepo ulileta harufu ya mvua. Alijiona mjinga, kisha akajiona mbaya. Miezi yote ile alikuwa akimwomba Mama Maria mtoto asiondoke, na jioni akimaliza kuomba anakwenda kwa mkono wake mwenyewe kumfukuza. Angeona haya kidogo tu kama ingekuwa kosa la kutojua. Lakini sasa alikuwa anajua, na alipojaribu kufikiria jioni inayokuja, kuipita ruta na kuiacha inawaka gizani, aliona hataweza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi ya yote.

Siska alirudi na begi jipya la kubebea kompyuta. Hakueleza la nini, na mama yake hakuuliza. Walikula mtori.

Mvua ilianza wakati wa sala. Radi ya kwanza ilipiga mbali, upande wa Nduruma, na Skolastika akainuka na kuanza mzunguko wake kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Pasi akaiaga. Redio akaiaga. Friji akaikumbusha nyama. Akaifikia ruta, akasimama. Taa tatu za kijani zilikuwa zinakonyeza, na sebule nzima ilikuwa na rangi ya majani machanga. Radi ikapiga tena, karibu zaidi. Mkono wake ukaenda kwenye plagi wenyewe, ukaishika. Hakuivuta. Hakuiachia. Alisimama hivyo, machozi yakimtiririka, na alikasirika kwamba anakililia kisanduku cha plastiki.

"Mama."

Siska alikuwa mlangoni, shuka begani.

"Ni mimi," Skolastika akasema bila kugeuka. "Intaneti yako, ni mimi niliyeiua. Saruni amekuja leo. Kila siku naizima. Na leo kaniuliza, nikamdanganya."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Najua unaizima. Saruni aliponipigia wiki iliyopita, nilitoka jioni nione kama kuna waya unaolegea. Nikakusikia." Siska akaja taratibu. "Ulikuwa unaiambia, na wewe mgeni, lala salama."

Skolastika akageuka. Sasa alikuwa na hasira ya kweli. "Wiki nzima unajua! Unafuta sanduku, unanunua begi, unanitazama napika, na hunambii?"

"Ningekuambiaje?" Sauti ya Siska ikapasuka. "Nilisimama pale kwenye korido nikamsikia baba. Kabisa, mama. Ile namna yake ya kuisema lala. Nilidhani sitaisikia tena maisha yangu yote, kumbe imo humu ndani kila siku. Niseme nini? Mama acha, nina Wajerumani? Nikaona heri niende Dar."

Waliangaliana. Mvua ikapiga bati kwa kelele. Skolastika akaketi kwenye mkono wa kochi, mahali ambapo siku zote aliwakataza watoto kukaa.

"Lakini kwa nini usiiache tu?" Siska akauliza, mpole sasa, kama anavyowauliza wanafunzi wake. "Mbona friji baba hakuilaza?"

"Friji haina taa ya nje."

"Taa ina nini?"

Jambo hili Skolastika hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. "Baba yako alipozikwa kule Kibosho, tuliporudi hapa, wote mkaondoka. Nikailaza nyumba. Nilipofika kwenye taa ya barazani, nikashindwa kuizima. Nilijiambia, wote hawajafika. Nikaiacha. Kesho yake pia nikaiacha. Niliiacha mwezi mzima, Siska. Naamka naiona inawaka, naanza kusikiliza geti. Nasikiliza viatu vyake. Na mtu nimemzika mwenyewe, nimetupa udongo kwa mkono huu." Akautazama mkono. "Siku niliyoizima ndiyo siku niliyokubali. Tangu hapo siwezi kulala na taa yoyote inawaka, hata ndogo. Ikiwaka, namsubiri."

Siska alipiga magoti sakafuni akaweka kichwa mapajani kwa mama yake, kama alivyofanya utotoni akisukwa. Wakalia wote wawili bila kusingizia vitunguu. Radi ikapiga juu yao kabisa, vyombo vikatetemeka kabatini, na taa za kijani zikaendelea kukonyeza kana kwamba hazikusikia kitu.

Aliyenyamaza kwanza ni Skolastika. Alikuwa na tabia hiyo, akilia analia, akimaliza amemaliza. Akamtazama mtoto, akalitazama sanduku lililosimama mlangoni pa chumba, na wazo likamjia, jepesi mno hata akashangaa lilikuwa wapi siku zote.

"Sasa wewe ni wa nyumba hii tena. Ukienda Dar," akasema, "si utakuwa hujafika nyumbani?"

"Ndiyo."

"Basi taa ya barazani itabidi niiwashe. Kila siku, mpaka urudi. Sheria ni ya baba yako, siyo yangu." Akafuta uso kwa pindo la kanga. "Ruwa wangu!" akamwita Mungu kwa Kichaga. "Heri hii ndogo."

Siska akainua kichwa, akaanza kucheka katikati ya machozi, akapaliwa vile vile kama alipokuwa begani.

Skolastika alisimama. Aliisogelea ruta, akavuta pua na kukohoa kidogo, maana alitaka sauti itoke nzuri. "Na wewe," akaiambia, "wewe ni mlinzi. Kaa macho. Una mtoto wa watu humo."

Hakulala vizuri siku ile, nisikudanganye. Aliona mwanga wa kijani chini ya mlango na masikio yakaenda getini yenyewe. Siku ya pili vivyo hivyo. Lakini kila masikio yalipokwenda getini, njiani yalikutana na Siska anakohoa chumbani kwake, au anageuka kitandani, na polepole yakazoea kuishia hapo.

Na mtambo wa kule kituoni nao ukazoea. Shikamoo ya Mjerumani iliunganika kwanza vipande viwili, kisha ikawa moja. Siska alimwomba mkuu wa shule wiki mbili zaidi, akapewa. Wiki zilipoisha, yule mama alimwona Siska kwenye kioo anacheka na meno yote yanahesabika, na habari ya Dar haikutajwa tena. Asubuhi moja Siska alimwita mama yake aje amwone mwanafunzi anayemwamkia siku zote. Skolastika akafika na mikono yenye unga, akainama mbele ya kompyuta, na picha ilikuwa safi kiasi kwamba alihesabu vifungo vya sweta. Mzee wa watu alikuwa na mvi kichwa kizima, na nyusi nyeupe.

"Siska! Huyu ni mkubwa kwangu! Miezi yote hii nampokelea shikamoo zake!" Akajifuta mikono haraka, akajiweka sawa. "Shikamoo, baba."

Mjerumani akatoa macho. Hakukwama, alikuwa hajui la kusema, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa amemfundisha kuamkia tu, na maishani mwake hakuna aliyewahi kumwamkia. Siska akamtamkia jibu taratibu, mzee akalirudia kwa uangalifu, kama mtu aliyekabidhiwa yai: "Ma-ra-ha-ba." Ikafika Lemara ikiwa nzima, bila kupungua hata herufi.

Jioni hiyo Siska alirudisha sanduku juu ya kabati. Kisha akatoka, akamkuta mama yake jikoni anaanza mzunguko, akamfuata nyuma. Pasi ikaagwa na wawili. Redio ikaambiwa imesema vya kutosha. Friji na ruta zikapewa zamu yao ya ulinzi. Walipofika barazani mvua ilikuwa imekatika na mlima umefunguka wote hadi kileleni, mweusi, na nyota juu yake. Skolastika akaweka kidole kwenye swichi, akasikiliza kidogo upande wa getini kwa mazoea, kisha akamtazama Siska.

"Wote wamefika?" akauliza, kama Hans alivyokuwa akiuliza.

"Wote, mama."

Akazima.